Kuandaa Sakafu ya Bwawa la Juu ya Ardhi Kabla ya Kuweka Laina Mpya

Katika nyua za nyuma za Marekani na Kanada, bwawa la kuogelea la bei nafuu mara nyingi halichimbwi ardhini. Husimamishwa juu ya udongo kwa ukuta wa bati wenye kimo cha inchi 48 hadi 54, na kinachozuia maji yasivuje ni laina, yaani ngozi ya plastiki ya vinili iliyotandazwa ndani ya ukuta huo. Laina nyingi zina unene unaokaribia nusu milimita tu, kwa hiyo hazikutengenezwa kubeba uzito. Bwawa la duara lenye kipenyo cha futi 24 likijazwa hadi futi 4 huwa na maji yapatayo lita 51,000, sawa na tani 51, na mzigo huo huikalia sakafu iliyo chini ya laina. Sakafu ikiwa na jiwe, laina hutoboka. Ikiwa na shimo, laina huvutika mpaka mshono ukaachia. Anayenunua laina nzuri kisha akaitandaza juu ya sakafu ileile iliyoiharibu ya kwanza amelipia tatizo lake mara mbili.

Kazi huanza kabla ya maji kutolewa. Uso wa maji ni pimamaji isiyokosea, hivyo chukua futi kamba na upime umbali kutoka usoni mwa maji hadi ukingo wa juu wa ukuta, katika sehemu nane hivi kuzunguka bwawa. Vipimo vikitofautiana kwa chini ya inchi 1, msingi wa ukuta uko sawa na utashughulika na sakafu ya ndani pekee. Vikitofautiana kwa inchi 2 au zaidi, upande mmoja wa ukuta umezama, na hakuna kiasi cha mchanga utakachomwaga ndani kitakachouinua. Hapo bwawa lote linapaswa kufunguliwa na kusimamishwa upya. Ni habari chungu, lakini ni afadhali kuipata maji yakiwa bado yamo.

Chagua siku zisizo na upepo wala mvua, udongo ukiwa umekauka. Sehemu zenye baridi kali, kama Minnesota au Ontario, subiri mpaka barafu ya ardhini iyeyuke na udongo utulie, kwa kuwa barafu huupandisha udongo na kuushusha tena. Acha kutia klorini siku kadhaa kabla, ulizia utaratibu wa mji wako kuhusu kumwaga maji ya bwawa, kisha yatoe kwa pampu ya kuzamisha. Bwawa likishakuwa tupu, ukuta wake unakuwa dhaifu, kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwa yakiushikilia. Usifungue reli za juu mpaka itakapobidi, na zikifunguliwa, ufunge ukuta kwenye nguzo zake. Upepo wa alasiri moja unaweza kuukunja usifae tena.

Laina ya zamani hukatwa kwa kisu chenye makali mafupi, vipande vipande, kisha hukunjwa na kutolewa. Wapo wanaoiacha chini ya ile mpya wakidhani inaongeza kinga. Sivyo: hujikunja, hukusanya maji kati ya tabaka mbili, na mikunjo yake huonekana na kuhisiwa na nyayo msimu mzima. Kabla ya kuitupa, hata hivyo, ipindue uikague upande wa chini. Doa la kutu, alama ya jiwe, tundu dogo lenye mzizi ndani yake, vyote hivyo vinakuonyesha mahali pa kuchimba.

Sasa chukua reki na uparuze mchanga wa juu taratibu, ukitoa mawe, vipande vya mizizi na takataka. Aliyewahi kulima Afrika Mashariki anaifahamu ndago. Majimbo ya kusini mwa Marekani nayo yanayo, ileile Cyperus rotundus, na chipukizi lake lenye ncha hupenya vinili bila shida. Kuing'oa majani ni kuipogolea tu, kwani kiazi chake hubaki ardhini na kuchipua tena. Fuata kila shina kwa mwiko mpaka ukitoe kiazi chenyewe. Ukilazimika kutumia dawa ya magugu, epuka zile zenye mafuta ya petroli, ambazo hudhuru vinili, na usubiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko kabla ya kufunika. Mashimo ya fuko nayo yafukuliwe hadi mwisho, yajazwe udongo na kushindiliwa, kwa sababu shimo lililofunikwa kwa mchanga tu litadidimia maji yakija.

Kusawazisha ndiko kunakotaka subira. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa futi 8 au zaidi, uweke pimamaji juu yake, na uuzungushe kutoka katikati ya bwawa kuelekea ukutani. Mpira wa maji unaopitisha mwanga, kama ule wanaoutumia mafundi wa nyumba, unafaa zaidi pale ambapo ubao haufiki. Kanuni ni kuchonga vilima badala ya kujaza mabonde. Udongo uliotulia miaka mingi ni mgumu. Mchanga uliomwagwa jana kwa kina cha sentimita 15 utabonyea chini ya tani zile, na sakafu iliyokuwa sawa itakuwa na bakuli. Bonde lisiloepukika lijazwe kwa udongo uliochekechwa, kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Karibu na ukuta usichimbe kabisa chini ya reli ya kitako, ile ambayo ukuta umesimama ndani yake, wala chini ya matofali yanayobeba nguzo. Kwa nje, kama kuna kazi ya koleo, kumbuka kwamba mabwawa mengi ya huko yamezungukwa na waya wa shaba uliofukiwa inchi chache tu ardhini ili kulinda waogeleaji dhidi ya umeme. Ukikatika, aite fundi umeme.

Juu ya udongo huja mchanga, na hapa aina ina maana. Unaotakiwa ni mchanga laini uliochekechwa, wa kupigia plasta, usio na kokoto wala chumvi. Kimo cha inchi 2, yaani sentimita 5, kinatosha. Kwa bwawa la futi 24 hiyo ni takriban mita za ujazo 2.1, uzito unaozidi tani 3, lakini kwa kuwa unabadilisha laina tu, mchanga mwingi uko tayari na utahitaji kuongeza sehemu ndogo. Usawazishe kwa ubao, unyunyizie maji mpaka uwe na unyevu bila kuwa tope, kisha uushindilie. Mchanga mkavu haushindiliki hata ukiupiga kutwa. Umekuwa tayari pale mtu mzima anapoukanyaga bila nyayo zake kuzama.

Pembeni, mahali ukuta unapokutana na sakafu, jenga tuta la mchanga lenye kimo cha inchi 6 hadi 8, likiteremka kuelekea ndani, na ulishindilie kwa mkono mzunguko mzima. Wengi huliruka kwa sababu halionekani kuwa na kazi, na hili kwa maoni yangu ndilo kosa baya kuliko yote. Bila tuta hilo, maji huisukuma laina kwenye ufa ulio chini ya ukuta; ikichomoza upande wa pili na kupasuka, maji yanayotoka huchukua mchanga wote wa sakafu. Vipo vipande vya povu gumu vilivyochongwa tayari kwa kazi hiyo, vyenye gundi nyuma yake. Vinagharimu zaidi, lakini havimomonyoki wala havichimbwi na chungu, na mahali penye chungu wengi ningevichagua bila kusita.

Juu ya mchanga unaweza kutandaza kitambaa kizito cha jiotekstaili, yaani kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachotandazwa juu ya udongo, kilichokatwa kwa ukubwa wa bwawa, na ningeshauri usikiache. Kinapitisha unyevu, kinazuia nyayo za watoto zisichimbe mchanga, na kinaipa laina kinga dhidi ya kokoto uliyoikosa. Mbao za povu za inchi 1, zilizounganishwa kwa tepu, ni badala nyingine, ila hufuata umbo la kilicho chini yake. Hazifichi sakafu mbovu. Zulia kuukuu lisitumike, kwa kuwa huoza na kutoa harufu.

Kagua pia upande wa ndani wa ukuta. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, tundu lifunikwe kwa kipande cha bati, na mstari wa skurubu zinazounganisha ncha mbili za ukuta pamoja na kingo za kila kiraka zifunikwe kwa tepu pana, tabaka kadhaa. Ukuta ukiwa umeoza kuzunguka skima, yaani tundu la ukutani linalovuta takataka zinazoelea, usiwekeze laina mpya humo.

Mwishoni vua viatu, rudi kinyumenyume ukilainisha alama zako kwa mwiko, na utandaze laina siku hiyohiyo, jua likiwa limeilegeza, kabla mvua haijaichimba sakafu. Weka maji ya kina cha sentimita 2 au 3 kwanza, zima bomba, na uangalie yanavyotuama. Yakikusanyika upande mmoja huku mwingine ukibaki mkavu, yatoe, inua laina, urekebishe mchanga. Saa chache za kurudia kazi wakati huo ni nafuu kuliko tani 51 zilizokwisha kuingia.