Kutuma Hadithi ya Ajabu kwa Jarida Ukiwa Kigoma

Mwandishi aliyekulia Kigoma hakosi malighafi ya hadithi za ajabu. Ana ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470. Ana Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ana pia usiku wa mbalamwezi, ambapo karabai huzimwa na wavuvi wa dagaa hubaki nyumbani. Kinachomkosesha nafasi mara nyingi si hadithi bali namna anavyoituma.

Kazi ya kwanza ni kusoma mwongozo wa jarida, kisha kusoma hadithi tatu au nne walizokwisha kuchapisha, kwa sababu majina ya aina za hadithi hupotosha. Fantasia hujenga dunia yenye kanuni zake, ilhali hadithi ya ajabu huivuruga dunia hii tuijuayo, na mara nyingi haitoi maelezo. Jarida la Beneath Ceaseless Skies, kwa mfano, hutaka hadithi zinazotokea katika dunia ya kubuni. Jini anayepanda daladala Mwanga kwenda Ujiji hana nafasi huko hata akiandikwa kwa ustadi. Jini huyo angepelekwa Omenana, jarida lililoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya bunilizi za Kiafrika za namna hii.

Suala la lugha linahitaji uamuzi mapema. Majarida mengi ya fantasia hupokea Kiingereza tu, kwa hiyo aliyeandika kwa Kiswahili atahitaji mfasiri, na ni lazima wakubaliane kwa maandishi, kabla ya kutuma, jinsi malipo yatakavyogawanywa na jina la mfasiri litakavyotajwa. Samovar, jarida la tafsiri lililoanza mwaka 2017 chini ya jarida la Strange Horizons, huchapisha tafsiri pamoja na matini ya lugha asilia, jambo ninaloliona kuwa la heshima kubwa kwa mwandishi. Katika tafsiri, acha mzimu ubaki mzimu. Ukiugeuza kuwa mzuka wa Ulaya ili mhariri asisumbuke, umemnyang'anya kile alichokuwa anakitafuta.

Mswada huandaliwa kwa unyenyekevu: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, idadi ya maneno kwenye ukurasa wa kwanza, na namba katika kila ukurasa unaofuata. Iwapo jarida husoma bila kujua majina, futa jina lako kila mahali, hata katika jina la faili. Mimi niliwahi kulisahau sharti hilo, na hadithi yangu ilirejeshwa siku ileile bila kusomwa. Barua ya kusindikiza iwe na sentensi tatu tu, wala isisimulie hadithi.

Angalia tarehe ya mwisho na saa zake. Saa sita usiku ya New York ni saa moja asubuhi ya siku ifuatayo huku kwetu, na wakati wa majira yao ya baridi ni saa mbili. Angalia pia kama wanaruhusu hadithi moja kupelekwa kwa majarida mawili kwa pamoja; wengi hawaruhusu. Kuhusu programu za akili bandia, mwandishi asifanye mchezo: Februari 2023 jarida la Clarkesworld lililazimika kusimamisha upokeaji wa kazi kwa muda kwa sababu ya wingi wa hadithi zilizotungwa na mashine, na tangu hapo miongozo mingi hudai tamko la wazi.

Jarida likikuomba ada ya kusomewa, tafuta jingine, kwani fedha inapaswa kutoka kwa mchapishaji kwenda kwa mwandishi. Chama cha waandishi wa fantasia na bunilizi za kisayansi cha Marekani, SFWA, kimeweka senti 8 za dola kwa neno kuwa kiwango cha kitaalamu tangu mwaka 2019, yaani dola 240 kwa hadithi ya maneno 3,000. Majarida madogo hulipa chini ya hapo, na si aibu kukubali.

Kabla ya kutia saini mkataba, hakikisha unatoa haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza tu, kwamba muda ambao jarida peke yake lina haki ya kuichapisha hadithi umetajwa kwa miezi, na kwamba haki ya kuichapisha kwa Kiswahili imebaki mikononi mwako. Uliza pia fedha zitakufikia Kigoma kwa njia gani.