Darasa la kwanza la batiki: namna ninavyoliendesha, kuanzia dukani hadi kwenye kamba

Jumamosi nafundisha batiki, yaani kupamba kitambaa kwa kukichora na nta ili rangi isishike penye nta, kwenye kituo cha sanaa cha mtaa hapa Tanga. Wanaokuja ni mchanganyiko: akina mama wa vikoba wanaotafuta kazi ya mkono, vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri matokeo, na mara mojamoja mzee mstaafu aliyechoka kukaa kibarazani. Mwongozo huu namwandikia fundi anayeijua kazi yake vizuri, ila ndiyo kwanza ameombwa aje kufundisha. Kutengeneza batiki ni jambo moja na kuifundisha ni jingine kabisa. Mimi nililijua hilo baada ya kuharibu madarasa kadhaa.

Ugonjwa wetu mafundi ni kutaka kumwaga ujuzi wote siku ya kwanza: rangi tatu juu ya nyingine, nyufa za makusudi, mihuri, brashi, na historia ya batiki ya kisiwa cha Java, Indonesia, juu yake. Saa nane mchana inafika, kila mtu ana kitambaa kilicholowa, hakuna hata mmoja mwenye kazi iliyokamilika, na Jumamosi inayofuata nusu yao hawaonekani. Siku hizi darasa langu la kwanza ni rangi moja na kitambaa kidogo, na kila mtu anaondoka na chake kimekwisha.

Hatua ya 1: Nunua kitambaa mwenyewe

Usiwaambie wanafunzi waje na vitambaa vyao. Watakuja na shuka kuukuu, na nusu yake ni nailoni.

Unachotaka ni pamba tupu. Mimi nanunua marekani, ile nyeupe isiyo na urembo. Jina lake lenyewe ni historia: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, walikuwa wakishusha Zanzibar majora ya pamba ya kwao, na watu wakakiita kitambaa jina la nchi kilikotoka. Wanafunzi wangu wazee hulifurahia hili kuliko chochote nitakachosema kuhusu kemia.

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha niliuziwa tetroni, kitambaa cha nyuzi za plastiki, nikaambiwa ni pamba, nami kwa haraka sikuipima. Watu kumi na mmoja walihangaika na nta asubuhi nzima, kisha rangi ikakataa kushika. Vitambaa vikatoka na kijivu cha maji ya kuoshea vyombo. Tangu siku hiyo siondoki dukani kabla ya kuomba nyuzi mbili tatu na kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Tetroni hunywea na kuacha kijipunje kigumu cheusi. Mwenye duka akinuna, mwache anune.

Marekani mpya huwa imejaa wanga wa kiwandani. Siku moja kabla ya darasa ifue kwa maji ya moto na sabuni, ikauke, kisha uikate vipande vya sentimita 50 kwa 50. Kwa kila mwanafunzi andaa viwili, cha kuharibu na cha kwenda nacho nyumbani. Hicho cha kuharibu ndicho cha thamani zaidi, nitakieleza mbele.

Hatua ya 2: Panga chumba kwa kuogopa moto

Kabla ya kufikiria mafunzo, fikiria ni wapi mtu anaweza kuungua. Nta iliyoyeyuka na kostiki soda, dawa ya kuchanganyia rangi inayounguza ngozi, ndizo hatari mbili za kazi hii. Usiziweke upande mmoja.

Jiko la nta linakaa ndani, mbali na mlango na mapazia, juu ya meza isiyoyumba. Nta haikai moja kwa moja juu ya moto. Weka sufuria kubwa yenye maji, na ndani yake sufuria ndogo yenye nta. Kwa njia hiyo, maadamu maji hayajakauka, nta haiwezi kupita joto la maji yanayochemka. Nta ikianza kufuka moshi, imepitiliza: epua. Mfuniko wa sufuria na ndoo ya mchanga vikae mkono unapofika. Nta ikishika moto, zima jiko na ufunike. Maji usimwage kamwe, maana hulipuka kuwa mvuke na kurusha nta inayowaka chumba kizima. Maneno haya nawafanya wanafunzi wayarudie kwa sauti kama watoto wa chekechea. Wanacheka, lakini hawasahau.

Rangi inakaa nje, kivulini, karibu na bomba. Beseni ziwe za plastiki. Aluminiamu haiiwezi kostiki: sufuria huanza kutoa mapovu na gesi inayoshika moto, na mwishowe hutoboka.

Katikati acha njia, na iwe ya kwenda upande mmoja tu: meza ya nta, mlango, rangi, kamba. Mtu aliyebeba kitambaa chenye nta asikutane uso kwa uso na mtu aliyebeba beseni. Chumba chetu kinatosha watu kumi na wawili. Kamati ya kituo iliwahi kunibembeleza nipokee ishirini, nikakataa. Macho yangu ni mawili.

Hatua ya 3: Anza na kanga

Hapa ndipo nilipokuwa nikipoteza muda mwingi zamani. Nilikuwa nasimama ubaoni nikieleza mpangilio, uwiano, nafasi tupu. Watu wanatikisa vichwa, kisha wanachora ua moja dogo katikati ya kitambaa na kukaa.

Siku moja mama mmoja alikuwa amejifunga kanga, nikamwomba ile ya pili aliyojitanda. Nikaitandaza mezani. "Hii pembeni inaitwaje?" Darasa zima: "Pindo!" "Na hapa katikati?" "Mji!" Basi. Kila mtu aliyelelewa pwani anajua tayari kwamba kitambaa kina pindo linalozunguka na mji unaokaa ndani, na kwamba pindo likiwa jembamba mno kanga inaonekana uchi. Ninachofanya ni kuwaonyesha kwamba wanajua.

Kwa hiyo agizo la siku ya kwanza ni fupi: pindo kwanza, halafu mji. Kwenye pindo warudie umbo moja tu, korosho, nukta au jani. Kwenye mji waweke kitu kimoja wanachokipenda. Wachore kwa penseli, dakika ishirini, bila rula.

Hatua ya 4: Nta, na mikono yako nyuma ya mgongo

Nachanganya nta nyeupe ya mishumaa na nta ya nyuki kidogo. Ya mishumaa peke yake hukauka na kupasuka kila unapoigusa, na ya nyuki peke yake ni ghali na haipasuki kirahisi. Sehemu tatu kwa moja inanitosha.

Java wana kalamu ya shaba yenye mdomo mwembamba, na kazi yao ni ya ajabu. UNESCO iliiweka batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2009. Mwanafunzi wa siku ya kwanza humpi kalamu hiyo. Mpe brashi ya bei rahisi yenye manyoya ya asili, kwa sababu ya nailoni itajikunja kwa joto, na muhuri wa sponji la godoro uliogundishwa kwenye kipande cha mbao. Sponji likatwe kwa wembe. Korosho nzuri inakatwa kwa dakika tano.

Sasa ndipo kile kitambaa cha kuharibu kinapofanya kazi. Kila mmoja apige mihuri kumi juu yake kabla ya kugusa kile kizuri. Atajifunza mwenyewe jambo ambalo wewe ungelieleza nusu saa: nta ikiwa ya moto vya kutosha, inazama, na kitambaa kinakuwa kama karatasi iliyoingia mafuta, unaona meza chini yake. Ikiwa imepoa, inakaa juu, nyeupe kama mate ya mshumaa, na rangi itapenya chini yake. Wageuze kitambaa waangalie upande wa pili. Kama upande wa pili hauna nta, hakuna kitu hapo.

Wakati huu wote mikono yangu iko nyuma ya mgongo, kweli kweli. Mwaka jana kulikuwa na mama wa makamo, mshonaji mzuri tu, akaniita: "Mwalimu, hebu nishikie wewe hapa, mkono wangu unatetemeka."

"Acha utetemeke, mama."

"Utaharibika."

"Ukiharibika tutakilaumu kitambaa."

Akapiga. Mstari ukaenda mrama, ukatoka kama wimbi. Akautazama, akautazama tena, halafu pindo lote lililobaki akalipiga mawimbi kwa makusudi. Kama ningelishika brashi yake pale, angekwenda nyumbani na kazi yangu. Ukitaka kumwonyesha mtu, onyesha kwenye kitambaa chako mwenyewe.

Hatua ya 5: Rangi unachanganya wewe

Kuchanganya dawa simwachii mwanafunzi siku ya kwanza, hata awe mtu mzima kiasi gani. Glovu ndefu za mpira, miwani, barakoa, na upepo uwe mgongoni.

Rangi ninayotumia ni ile ya unga inayohitaji kostiki soda na haidrosalfaiti, sisi twaiita haidro. Kwa beseni la lita tano naweka kijiko kimoja cha chakula cha rangi, kimoja cha kostiki, viwili vya haidro. Rangi za maduka hutofautiana, kwa hiyo jaribu nyumbani kwanza kwa kipande kidogo. Utaratibu ni huu: weka maji vuguvugu, mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, kisha rangi, kisha haidro, koroga taratibu kwa mti. Usigeuze mpango ukamwagia maji juu ya kostiki, itachemka na kukurukia. Kopo la haidro lifungwe mara moja na lisiingie unyevu, maana likidondokewa maji hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka.

Kostiki ikimgusa mtu ngozini, ni bomba lifunguliwe na maji yatiririke dakika ishirini. Siki usipake. Ikiingia jichoni, endelea kuosha huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali.

Beseni liwe na joto la maji ya kuogeshea mtoto, si zaidi, la sivyo nta italainika na kazi ya asubuhi yote itaelea juu.

Kwa darasa la kwanza chagua bluu iliyokolea. Sababu yangu si uzuri wake. Ndani ya beseni rangi hii si bluu, ni kijani cha manjano, kama maji ya mchicha. Wanafunzi wanatumbukiza, wanasubiri dakika kumi na tano, na nyuso zinaonyesha wazi kwamba wanadhani nimekosea. Kisha mmoja anainua kitambaa chake kwenye hewa. Kinatoka kijani. Unahesabu moja, mbili, tatu, na kutoka kwenye kingo bluu inaanza kutambaa kuelekea katikati, mbele ya macho yao. Kelele zinazotoka hapo huwaita hata watu wa barabarani. Usieleze kabla, acha waone kwanza, ndipo uwaambie kwamba haidro iliifanya rangi iyeyuke ikaingia kwenye nyuzi, na hewa ndiyo inayoirudisha ilivyokuwa, ikiwa imenasa humo humo.

Vianikwe kivulini bila kukunjana, dakika ishirini, halafu visuuzwe kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe.

Hatua ya 6: Kutoa nta

Maji yachemke kwenye sufuria kubwa na sabuni ya kipande iliyokunwa. Tumbukiza kitambaa kimoja kimoja, koroga kwa mwiko, inua, tia kwenye maji baridi, sugua, rudia. Mara mbili zinatosha. Hapo mistari myeupe inajitokeza, na hapo ndipo wanaanza kupigana picha. Wape muda huo, usiwakimbize.

Wakija watoto

Wa chini ya miaka 14 siwapi nta wala kostiki. Wayoruba wa Nigeria huzuia rangi kwa uji wa muhogo, nami nimeazima wazo hilo: uji mzito wa unga wa ngano kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko. Mtoto anachora, uji unakauka juani, anapaka rangi ya vitambaa kwa brashi, ikikauka anabandua. Mistari inatoka na nyufa nzuri sana, na lililo baya kuliko yote linaloweza kutokea ni mtoto kuula uji.

Ada

Piga hesabu ya vifaa kwanza, gawa kwa watu wanane hata kama umeandikisha kumi na wawili, maana wanne hawatatokea. Nauli yako iwe humo ndani. Niliona haya kuiweka mwaka mzima.

Baada ya watu kuondoka

Maji ya rangi yasiende kwenye mchicha wa jirani wala mtaro unaokwenda baharini. Yachanganye na maji mengi, yaende kwenye shimo la choo. Maji ya kuchemshia usimwage yakiwa ya moto, nta itaganda kwenye bomba na kamati itakutafuta. Yaache usiku kucha. Asubuhi nta inakuwa imeganda juu ya sufuria kama mkate wa sinia, na rangi ya bluu imeikaa kwa mbali. Inue kwa kisu, ikaushe kwa kitambaa, ivunje vipande, tia kwenye mfuko wa Jumamosi ijayo.