Ndege ya balsa ya umeme: anza na betri

Kabla hujafungua chupa ya gundi, pima betri. Weka mezani betri utakayotumia, mota, kidhibiti cha mota, sevo zote (vimota vidogo vinavyosukuma vibao vya kuongozea ndege) na kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Kipandishe kimoja kimoja kwenye mizani ndogo ya gramu, na uzito wa kila kimoja uuandike pembeni mwa mchoro. Huo ndio ushauri wangu kwa yeyote anayenijia na seti mpya mkononi ya kujenga ndege ndogo ya rimoti kwa balsa, ile mbao nyepesi, na wengi hushangaa, maana wamekuja wakiwa tayari kukata na kugundisha. Lakini katika ndege hii betri ndiyo kifaa kizito kuliko vyote vitakavyoingia ndani yake. Ndiyo itakayoamua mfuniko ukae wapi, hewa ipite wapi, na kama ndege itasawazika yenyewe au itabebeshwa vipande vya madini ya risasi puani. Ukiiacha hadi mwisho utaichimbia nafasi ndani ya kiwiliwili kilichokwisha kufunikwa.

Tuchukue ndege ya kujifunzia yenye mabawa ya sentimita 125 kutoka ncha hadi ncha, upana wa bawa sentimita 20, na uzito wa kilo 1 na kitu kidogo ikiwa tayari kuruka. Ndege tulivu ya aina hii inataka wati 150 hadi 200 kwa kila kilo. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3, yaani volti 11.1, yenye miliampea-saa 2200, ina uzito wa gramu 180 hivi. Kwa wati 180 itatoa ampea 16 au 17, kwa hiyo kidhibiti cha ampea 30 kitafanya kazi bila kuchemka. Mota ya mizunguko kama 1000 kwa dakika kwa kila volti, pamoja na propela ya inchi 10 kwa 5 (kipenyo kwa mwendo wa mzunguko mmoja), ni mwanzo mzuri. Nguvu ikifunguliwa yote, betri hiyo haifiki dakika 9. Ukiruka kwa nusu ya nguvu, jambo ambalo ndege nyepesi inakuruhusu, unapata muda mrefu zaidi na akiba ya kutulia unapotua. Ndiyo maana nasisitiza wepesi tangu mwanzo: kila gramu unayoiacha mezani, betri haitaibeba.

Betri ndiyo iliyokuwa kikwazo cha ndege hizi tangu zamani. Safari ya kwanza ya ndege ndogo ya umeme ya rimoti iliyoandikwa rasmi ilifanyika Uingereza tarehe 30 Juni 1957, Kanali H. J. Taplin aliporusha ndege yake Radio Queen kwa betri za fedha na zinki. Leo tuna betri nyepesi kuliko alivyoweza kuota, lakini hesabu ni ile ile.

Sasa fungua boksi. Usivunje vipande vyote kutoka kwenye vibao vyake, kwa sababu vingi vinafanana na namba imechapwa kwenye kibao, si kwenye kipande. Shika kila kibao, kikunje kidogo, kipime. Mti wa balsa hukua haraka sana, na mbao zake hazilingani hata zikitoka shamba moja. Kibao cha urefu wa mita 1, upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 1.5 kinaweza kuwa na gramu 15, na jirani yake gramu 30, kwa macho usione tofauti yoyote. Vilivyo vyepesi vipeleke mkiani. Vilivyo vizito na vigumu vifanye boriti za bawa. Kama kipande cha mkia kilichomo kwenye seti ni kizito, mimi hukitumia kama kielelezo nikakata kingine kwa balsa nyepesi. Hiyo si anasa. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito, pengine mara tatu ya umbali wa pua, hivyo gramu 10 za ziada kule nyuma zitadai gramu 30 huku mbele.

Wapo wanaoidharau balsa kwa sababu kucha inaiachia alama. Ndege ya kivita ya Uingereza, de Havilland Mosquito, ilikuwa na kiwiliwili cha balsa iliyobanwa kati ya tabaka za plaiwudi. Nguvu ya mbao hii iko kwenye nyuzi zake. Vuta kwa urefu wa nyuzi na itakushinda. Ikunje kukingama nyuzi na itavunjika kama biskuti. Kwa hiyo kabla ya kubandika kipande chochote jiulize nyuzi zake zielekee wapi.

Meza ya kujengea iwe bapa kabisa. Iangalie kwa rula ndefu ya chuma, ukiweka taa upande wa pili: mwanga ukipenya chini ya rula, tafuta ubao mwingine. Bawa litachukua umbo la meza, na bawa lililojipinda halinyooshwi kwa rimoti. Tandika mchoro, juu yake tandika plastiki nyembamba inayopitisha mwanga ili gundi isishike karatasi, kisha bana vyote viwili visisogee.

Anza na mkia. Ni kazi ya jioni moja, na mkono wako utazoea kisu na msasa kabla ya kufika kwenye bawa.

Bawa ndilo ninalotaka ulikawilie. Laza boriti ya chini juu ya mstari wake, uishike kwa pini zilizosimama pembeni mwake, si zilizopenya katikati, maana tundu la pini katikati ya boriti ni mwanzo wa ufa. Pachika mbavu zote bila gundi kwanza. Kila ubavu usimame wima. Uthibitishe kwa pembemraba, usitegemee jicho. Ubavu ukikaza, usiusukume kwa nguvu. Pitisha msasa mara mbili kwenye nafasi ya boriti. Ukilegea, bandika unyasi wa balsa, usijaze pengo kwa gundi. Weka boriti ya juu, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, bado bila gundi, kisha inama uangalie kutoka nchani. Migongo yote ya mbavu ifuate mstari mmoja. Ukiridhika, ndipo gundi iingie.

Kati ya boriti ya juu na ya chini kuna vipande vidogo vinavyoziba nafasi kutoka ubavu hadi ubavu. Vinachosha, na hakuna atakayeviona, lakini ndivyo vinavyolifanya bawa libebe. Ndege inapoinuka kwa ghafla, boriti ya juu inasukumwa na ya chini inavutwa, na vipande hivi ndivyo vinavyozifanya zote mbili zishirikiane. Nyuzi zake zisimame wima. Vikikatwa kwa kulala vitapasuka vyote kwa pamoja. Vibandike kabla hujalitoa bawa kwenye meza.

Mchoro ukitaka ncha ya bawa ipinde kidogo, ukingo wa nyuma uwe juu kwa milimita 2 au 3, weka kipande cha unene huo chini yake na kiwe sawa kwa mabawa yote mawili. Pinde hiyo huzifanya ncha zichelewe kupoteza mnyanyuko ndege inapopunguza mwendo, na mwanafunzi anayetua ataishukuru.

Kuhusu gundi: kwa viungo vingi natumia gundi nyeupe ya mbao. Inakupa muda wa kurekebisha, na ikikauka inapigika msasa. Gundi ya papo hapo ina kazi yake pale ambapo pini hazifiki, ila inakuwa ngumu kuliko balsa, na msasa ukipita juu yake hula mbao pembeni na kuacha kinundu. Mvuke wake unachoma macho, fungua dirisha. Epoksi ni nzito, kwa hiyo itunze kwa sehemu mbili: pale mabawa mawili yanapoungana, na ukuta wa mota. Hapo tumia ile ya dakika 30, si ya dakika 5, ili ipate muda wa kunywea kwenye mbao.

Kiwiliwili ni pande mbili zilizoshikanishwa na mataruma, yaani fremu za ndani zinazokingama. Hakikisha una upande wa kulia na upande wa kushoto, si pande mbili za kushoto. Viweke mgongo kwa mgongo mezani na uandike kila kimoja kabla ya kubandika vya ndani. Mstari wa katikati uchore kwenye kila taruma, uulinganishe na mstari wa mchoro, kisha ndipo uvute pande zikutane mkiani.

Ukuta wa mota ni plaiwudi. Usiunyooshe. Michoro mingi huielekeza mota kulia kidogo na chini kidogo, digrii 2 au 3, kwa sababu mzunguko wa propela huivuta pua kushoto na nguvu ikiongezeka ndege hutaka kupanda. Pembe za ndani zitie vipande vya balsa vya pembetatu ili epoksi ipate pa kushika.

Seti nyingi zilichorwa kwa ajili ya injini za mafuta, zikaimarishwa dhidi ya mtikisiko. Mota ya umeme haitikisi namna hiyo. Plaiwudi ya puani unaweza kuitoboa matundu ya kupunguza uzito, na rangi ya kuzuia mafuta huihitaji. Nguvu ihamishie kwenye kitanda cha betri. Gramu 180 zinazosimama ghafla kwenye nyasi zitapasua kila kilicho mbele yake, kwa hiyo kitanda kiwe cha plaiwudi nyembamba kilichoshikwa na mataruma mawili au zaidi, chenye mkanda wa kunata chini na mkanda wa kufunga juu. Kifanye kirefu kuliko betri kwa sentimita 6 au zaidi, kwa sababu utakayoiona mbele kidogo. Mfuniko ukae mahali ambapo betri inatoka bila kung'oa bawa. Hewa iingie puani, ipite kwenye kidhibiti na betri, itoke nyuma kwa tundu kubwa kuliko la kuingilia. Tundu la kutokea likiwa dogo, hewa haitembei.

Piga msasa mpaka mwili wote uwe laini, futa vumbi, kisha ufunike. Plastiki ya kuvishia hushikwa kwa pasi ndogo: bandika kingo kwanza kwa joto la chini, vuta makunyanzi, halafu ongeza joto ili ijikaze. Funika chini kabla ya juu, ili maungio yasionekane. Ikijikaza inaweza kulipinda bawa. Lilaze mezani ulikague. Likiwa limejipinda, lishike ukilirudisha, pitisha pasi, liache lipoe mikononi mwako.

Vifaa vya umeme vifunge propela ikiwa haipo. Narudia: propela isiwepo mpaka kila kitu kimethibitishwa. Mota haina huruma, na kosa dogo la rimoti linatosha kukata vidole. Sevo ziwashe zikae katikati kabla ya kufunga mikono yake. Simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia: kibao cha kuongozea kilicho nyuma ya bawa la kulia kipande juu, cha kushoto kishuke. Vuta kijiti cha kupandisha kuelekea kwako: kibao cha mkia kipande juu. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya wowote miwili kati ya mitatu yake. Waya wa betri usijaribu kubadilishana. Chanya na hasi zikikosewa, kidhibiti kinaungua papo hapo.

Kisha vaa propela, mtu mwingine ashike ndege kwa nyuma, na upime kwa kipimawati kwa sekunde chache. Ampea zikizidi kiwango cha mota, punguza propela kwa inchi moja. Kipenyo kidogo tu kinabadilisha mzigo sana.

Hapa ndipo kile kitanda kirefu kinapokufaa. Weka alama chini ya bawa, asilimia 25 hadi 30 ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa letu ni sentimita 5 hadi 6. Inua ndege kwa ncha za vidole kwenye alama hizo, ikiwa na kila kitu ndani. Pua ishuke kidogo sana. Mkia ukishuka, usitafute risasi, sogeza betri mbele: gramu 180 zikisogea sentimita 3 katika ndege ya gramu 1080, kitovu cha uzito kinahama milimita 5. Ukipata mahali pake, chora mstari kwenye kitanda ili betri irudi hapo hapo kila safari.

Safari ya kwanza iwe asubuhi au jioni kusiko na upepo mkali, mahali panaporuhusiwa na sheria za unakoishi, mbali na watu. Jaribu umbali wa rimoti kwanza. Rusha dhidi ya upepo, nguvu yote, mabawa yakiwa sawa, na usikimbilie kugeuza. Ipandishe ipate kimo cha kukuruhusu ukosee mara mbili bila kugonga chini. Weka saa ya dakika 5 na utue ikilia, hata kama ndege inaimba vizuri. Ukishatua pima betri: kila seli isishuke chini ya volti 3.5 ikiwa imepumzika, na kiasi ulichorudisha kwenye chaja kitakuambia dakika ngapi unaweza kuongeza. Ichaji kwa ampea 2.2, juu ya kitu kisichoshika moto, ukiwepo. Iliyovimba usiichaji tena. Na ile utakayokaa nayo siku kadhaa bila kuruka, irudishe kwenye volti 3.8 kwa seli na uihifadhi nje ya ndege.