Ukienda Magofu ya Kaole, piga hodi kijijini kwanza

Wengi wanaokuja wikiendi hapa Kaole, kwenye magofu ya mji wa mawe wa zamani karibu na Bagamoyo, hutoka Dar asubuhi, hupiga picha mbuyuni, na saa sita wameshakaa mjini Bagamoyo wanakula samaki. Kufika wamefika, ila Kaole hawajaiona. Mimi nimeolewa hapa, nasuka ukili wa mikeka barazani, na hao wapitao nawaona. Nitakueleza namna ya kuja ukaiona kweli.

Usafiri hausumbui. Kutoka Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70 za lami, na kutoka mjini hadi kwetu ni kama 5 kwenda kusini. Bodaboda au bajaji itakufikisha, patana bei kabla hujapanda. Toka mapema, maana magofu hayana paa na jua la pwani likipanda hupati pa kujificha. Ijumaa adhuhuri watu wako msikitini, hutamkuta wa kuzungumza naye.

Mwanamke abebe doti ya kanga, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Mwanamume avae suruali ndefu au kikoi. Sisemi hivi kwa ajili ya masharti ya getini. Unakokwenda ni makaburini, na makaburi yenyewe yana watu wanaoyazuru hadi leo.

Kabla ya geti, simama kijijini. Ukikuta wazee barazani, toa salamu. Mkubwa mwamkie shikamoo na usubiri marahaba yake. Usianze na swali. Salamu za huku ni ndefu: za utokako, za watoto, za kazi, mvua imenyesha huko? Ukizikatisha, na wewe utajibiwa kwa mkato. Ukiambiwa karibu kitako, kaa. Agiza dafu, kama kuna muhogo wa kuchemsha kula, kisha sema umekuja kuzuru magofu. Hapo ndipo mzee atakapokueleza kwamba bahari ilikuwa inafika karibu zaidi na majahazi yakitia nanga, mpaka tope likajaa, mikoko ikaota, na biashara ikahamia Bagamoyo. Ukiyasikia hayo kwanza, utaelewa kwa nini mji wa mawe umekaa nyuma ya mikoko.

Getini lipa kiingilio, raia hulipa chini ya mgeni wa nje, na uchukue mwongozo. Usimkatae ili ubane hela. Mwombe aanze na msikiti wa zamani, ule unaosemwa kuwa wa karne ya 13, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa Tanzania Bara. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mihrabu bado unaiona ilivyoelekea kibla. Mimi nikiingia humo huvua viatu, ingawa hakuna anayenilazimisha. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa, na mengi yanayoelezwa kuhusu umri wa kuta hizi yametokana na kazi hiyo.

Makaburi ni 22, mengine yana nguzo. Sogea karibu na nguzo bila kuigusa, maana chokaa ya zamani humong'onyoka kwa kidole tu, halafu tazama yale mashimo ya duara. Palipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Bakuli hazipo tena, ila umbo la kitako chake limebaki kwenye chokaa, unaona hadi ukubwa wake. Mtu wa Kaole alikuwa na uwezo wa kununua chombo kilichovuka bahari yote ile, na akaona mahali pake ni kwenye kaburi la mpendwa wake. Vipande vya kaure utaviona kwenye makumbusho madogo palepale. Ukiokota kigae chini, kirudishe kilipokuwa.

Sasa kaburi la Sharifa, mwanamke anayeheshimiwa sana hapa. Hapo ndipo napoomba mtu atulie. Watu huja kumwombea dua, na wengine kuomba haja zao: mtoto, afya, ndoa. Mama mkwe wangu huenda na ubani na chupa ndogo ya maji ya waridi. Huweka kaa la moto juu ya kigae, hutia ubani, hunyunyiza, kisha hukaa chini akazungumza kwa sauti ya chini kabisa. Siku moja kijana mmoja alikuja akamwekea simu juu ya bega akirekodi. Mama alijifunika uso kwa kanga, akainuka, akaondoka dua haijaisha. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Ukimkuta mtu pale, simama mbali, ungoje amalize. Akimaliza msalimie, na picha uiombe kwa mdomo, akikataa, basi. Wapo masheikh wanaokataza kuomba makaburini, na mjadala huo tunao wenyewe kwa wenyewe. Mgeni asije akauanzisha mbele ya mtu aliyekaa na ubani wake.

Kisima kiko jirani. Maji yake ni baridi, hayana chumvi ingawa bahari iko karibu, na watu huyanawa kwa kutafuta baraka. Mwulize mwongozo kabla hujachota. Mbuyu unasemwa una miaka 500; zunguka, piga picha, ila kisu kisiguse gome.

Ukitoka, rudi kijijini. Usiondoke moja kwa moja. Mwulize mama yeyote anayesuka kama unaweza kukaa naye. Mimi nitakupa ukili nilioanza, uone chane za ukindu zinavyopishana, moja juu moja chini, na kidole gumba kinavyobana kila pindo ili mkeka usije ukalegea. Utasuka kipande kifupi, nitakifumua na kukisuka upya, na huku tunazungumza. Hapo utasikia habari za Kaole ambazo hazikuandikwa kwenye kibao chochote. Ukitaka mkeka tutaelewana bei, ila usiulinganishe na wa plastiki, maana kuusuka na kuushona ni kazi ya siku nyingi.

Bodaboda wa kurudi mwagize kabla ya alasiri na uchukue namba yake, kwa sababu magharibi ikikaribia wanaopita njia hii wanakuwa wachache.