Somo: Kupata ruzuku ya mafunzo ya utafiti ukiwa unasomea ubingwa na unapenda magonjwa ya viungo

Ruzuku za magonjwa ya viungo peke yake ni chache huku kwetu. ILAR, shirikisho la kimataifa la vyama vya magonjwa ya viungo, limewahi kutoa kidogo, na mradi wa Uwezo wa Kenya, wa mafunzo ya magonjwa haya, ulipata fedha humo. Aliyeko Mwanza hufika mapema zaidi akipitia ugonjwa jirani wenye wafadhili.

Hatua ya 1: swali. Kifua kikuu kinafaa sana. Pirazinamidi, mojawapo ya dawa zake, huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, ndiyo maana wagonjwa hulalamika viungo katika miezi 2 ya mwanzo. Pima asidi hiyo siku ya kuanza dawa na wiki ya 8, uliza maumivu, umemaliza. Selimundu nayo, iliyojaa Kanda ya Ziwa, huua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikosesha damu. Lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, inavutia, lakini kwa muda wa tasnifu hutapata wagonjwa wa kutosha.

Hatua ya 2: wasimamizi. Wawili, kabla hujaandika chochote: daktari bingwa wa CUHAS (chuo kikuu cha afya cha Mwanza) au wa hospitali ya Bugando (BMC), na mtu wa takwimu, mathalani kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) au MITU (kitengo cha majaribio ya tiba cha Mwanza). Programu ya mafunzo ya utafiti ya LAUNCH, ya miezi 12, inayofadhiliwa na kituo cha Fogarty cha NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), hutaka mshauri wa hapa na wa Marekani. Mei 2025 NIH ilibadili utaratibu wa mafungu ya ruzuku yanayopitishwa kwa taasisi zilizo nje ya Marekani, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu, usitegemee lile ulilorithi kwa waliokutangulia.

Hatua ya 3: idadi. Ukikadiria tatizo liko kwa asilimia 20, na kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, unahitaji watu 246. Asilimia 10 wakipotea, gawanya kwa 0.9 upate 274. Wengi hujumlisha asilimia 10 tu, wanapata 271, na mhakiki anaona.

Hatua ya 4: bajeti. Vitendanishi huuzwa kwa boksi zima, si kwa kipimo kimoja. Kinachosahaulika zaidi ni nauli ya kurudi wiki ya 8: mgonjwa wa Ukerewe anavuka ziwa kwenda na kurudi, si daladala ya Nyegezi. Bila nauli hiyo wiki ya 8 itakuwa tupu.

Hatua ya 5: kibali. Anza na kamati ya maadili ya CUHAS na BMC. Sampuli zikitoka nchini, ongeza kibali cha taifa kupitia NIMR na mkataba wa kuhamisha sampuli.

Maswali ya wanachama

*Dokta, hatuna anti-CCP, kipimo cha damu cha baridi yabisi. Utafiti wa ugonjwa huo unawezekana?*
Unawezekana, ila kwa kasoro. Vigezo vya 2010 vya ACR/EULAR vya kumhesabu mtu kuwa na baridi yabisi vinadai alama 6 kati ya 10. Viungo vilivyoathirika zaidi ya 10, angalau kimoja kikiwa kiungo kidogo kama cha kidole, ni alama 5. Dalili za wiki 6 na zaidi ni 1: umefika. Mwenye viungo vidogo 4 hadi 10 ana 3, na hata ESR (kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini) ikipanda na muda ukitimia anaishia 5. Utabaki na walioathirika viungo vingi tu. Nunua angalau RF, kipimo kingine cha damu cha ugonjwa huo.

*Niko mwaka wa 3, nimechelewa?*
Kwa ruzuku ya tasnifu, ndiyo. Tumia data ya tasnifu kama matokeo ya awali, uombe baada ya kuhitimu.

*Barua ya mkuu wa idara iseme nini?*
Saa ngapi kwa wiki utaachiwa wodi, na nani atashika zamu zako.