Simu ya Intaneti Nyumbani: Itengeneze Laini Kabla ya Kununua Kifaa

Sauti ya anayezungumza kwa simu ya intaneti haisafiri kama mkondo mmoja. Kifaa huikata vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde, na kila kipande hufungwa pamoja na anwani yake kisha kikatumwa peke yake. Upande wa pili vipande hivyo hupangwa upya na kuwa sauti tena, na kinachochelewa kupita kiasi hutupwa, kwa kuwa zamu yake katika mazungumzo imekwisha kupita. Ndiyo maana laini inayoonyesha filamu bila shida inaweza kukatakata maneno ya simu: filamu huwekewa akiba mapema, lakini mazungumzo hayana akiba.

Kwa hiyo anza na laini. Simu inayotumia G.711, kodeki (yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya siku nyingi ya simu za kidijitali, hubeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde, na ukijumlisha anwani za vipande hufika kama kilobiti 80 kila upande. Saa nzima ya mazungumzo hutumia takriban megabaiti 36 za kutuma na 36 za kupokea, na kodeki mpya zaidi kama Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, huweza kutumia pungufu sana ya hapo. Kasi, basi, si jambo la kukuhangaisha. Linalostahili kupimwa kwa makini ni ucheleweshaji. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping ikifuatiwa na anwani ya seva ya mtoa huduma wa simu, (kwenye Windows ongeza -t, la sivyo itasimama baada ya majibu manne), kisha uiache ifanye kazi kwa dakika moja huku ukisoma milisekunde zinazojitokeza. Ukiona 38, 41, 39, 40, laini imetulia. Ukiona 38, 210, 45, 390, laini hiyo itakusumbua hata kama wastani wake unavumilika. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na ukumbuke kwamba ping hupima safari ya kwenda na kurudi.

Rudia kipimo hicho wakati mtu mwingine nyumbani anapakia video, maana hapo ndipo ukweli wa laini hujulikana. Kwangu simu zilikuwa safi mchana na kukatika kila jioni, nikamlaumu mtoa huduma kwa wiki kadhaa, hadi nilipogundua kuwa simu moja ya mkononi ilikuwa ikituma picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni kila inapowekwa chaji. Picha zilijaza njia ya kutuma data, na vipande vya sauti vikapanga foleni nyuma yake. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya ruta: zipe simu za intaneti kipaumbele, kisha weka kikomo cha upakiaji kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni isijengeke.

Baada ya hapo chagua kifaa. Programu kwenye simu ya mkononi au kompyuta inatosha kwa mtu mmoja. Kwa nyumba yenye watu wengi, mimi napendelea adapta inayounganishwa na simu ya mezani ya kawaida, kwa sababu hata mtoto au mzee huitumia bila kufundishwa. Adapta iunganishe na ruta kwa waya wa mtandao. Wi-Fi inafaa pale tu ambapo waya haufiki. Simu ya mezani ichomekwe moja kwa moja kwenye adapta, na kamwe usiichomeke adapta kwenye tundu la ukutani ambalo bado lina laini hai ya zamani, kwani umeme wa laini hiyo unaweza kuiunguza.

Katika ukurasa wa mipangilio utajaza anwani ya seva, jina la mtumiaji na nenosiri ulivyopewa. Ikiwa simu inaita na kupokelewa lakini upande mmoja hausikii, mara nyingi tatizo ni ruta inayovuruga anwani za vipande vya sauti. Tafuta kipengele kinachoitwa SIP ALG, ukizime, kisha uwashe upya ruta na adapta. Ukisikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe, chanzo huwa kwa yule unayezungumza naye: spika yake inaingia kwenye kipaza sauti chake, basi mwombe atumie vifaa vya masikioni. Badilisha pia nenosiri la kiwandani la adapta siku hiyohiyo, na mwombe mtoa huduma afunge simu za kimataifa usizozihitaji, kwa kuwa wako wezi wanaosaka vifaa vya namna hii ili wapige simu za gharama kubwa kwa akaunti ya mwingine.

Jambo la mwisho nakusihi usiliahirishe. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme kutoka kituo cha simu, lakini hii hufa pamoja na ruta umeme ukikatika. Nunua betri ya akiba inayotosha ruta, adapta na kisanduku cha faiba kama unacho, halafu zima umeme kwa makusudi uone inadumu kwa muda gani. Muulize mtoa huduma kama namba za dharura zinapigika kwenye huduma yake, na umpe anwani kamili ya nyumba, kwani simu ya intaneti haimwonyeshi mpokeaji mahali ulipo kwa uhakika. Ukihama, anwani hiyo ibadilishwe kabla ya kuichomeka adapta kwenye nyumba mpya.