Kuchagua programu ya tovuti ya familia: mwongozo kutoka Bukavu

Kabla ya kulinganisha programu moja na nyingine, ketini kama familia mjibu swali hili: ni nani atakayeweka habari kwenye tovuti, na atatumia kifaa gani? Wengi wanaoniomba ushauri hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huanza na sura ya tovuti, kisha huuliza bei, na suala la mwandishi huja mwisho kabisa, wakati kijana aliyeijenga amekwisha kusafiri au amechoka. Tovuti za familia nilizoziona zikifa hazikufa kwa ubaya wa sura, bali kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuzifungua.

Kwetu mwandishi mkuu ni shangazi yangu anayeishi Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu. Ndiye anayejua nani ni mtoto wa nani hadi kizazi cha tano, ndiye aliyetunza picha za harusi ya mwaka 1974 ndani ya bahasha ya kaki, na kifaa chake ni simu iliyopasuka kioo pembeni. Siku nilipomjaribisha programu ya kwanza, aliandika aya nne juu ya harusi hiyo, akachagua picha, akabonyeza kitufe cha kupakia. Mstari wa buluu ulisogea hadi karibu na nusu, mtandao ukakatika, na ukurasa uliporudi ulikuwa mtupu. Akaniuliza, “Mwanangu, maneno yangu yamekwenda wapi?” Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza ni kwamba programu ihifadhi rasimu yenyewe, na picha iliyoshindwa kupanda isiondoke na maandishi. WordPress, kwa mfano, huhifadhi rasimu kwa kawaida kila dakika moja, na inayo programu ya simu ambayo mtu anaweza kuandikia hata mtandao ukiwa umepotea, kisha akatuma baadaye.

Nalikazia hili kwa sababu ya hali yetu. Nyumba za mbao za Kadutu zimesongamana na huungua mara kwa mara, na moto ukipita, albamu hazitoki. Kuna familia ambazo hazina tena picha hata moja ya babu yao. Kwa hiyo tovuti ya familia kwetu ni sanduku la pili la kumbukumbu, na programu inayoiendesha inapaswa kuchaguliwa kwa uangalifu ule ule ambao mtu angeutumia kuchagua mahali pa kuweka hati za kiwanja.

Programu zilizopo

Kuna huduma za mtandaoni ambazo hazihitaji kusakinisha chochote: unafungua akaunti, unachagua sura, unaanza kuandika. Google Sites na WordPress.com ni za namna hiyo. Zinafaa kwa mwanzo, hasa kama hakuna fundi katika familia, kwa kuwa kampuni ndiyo inayotunza seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na kuziba mianya ya usalama. Udhaifu wake ni kwamba nyumba si yako. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga huduma yake ya GeoCities, ambayo watu duniani kote walikuwa wamejengea kurasa zao binafsi, na aliyekuwa hana nakala yake mwenyewe alibaki kutegemea wahifadhi waliokimbilia kuokoa walichoweza. Sisi pia tuliwahi kuweka habari zetu katika huduma moja ya bure ambayo baadaye ilibadilisha masharti, na ilipobidi kuhama niligundua kwamba haikuwa na kitufe cha kutoa habari zote kwa pamoja. Nilinakili maandishi ukurasa baada ya ukurasa kwa majuma mawili, na picha nilizozipata zilikuwa zimepunguzwa kiasi kwamba nyuso za watu wa safu ya nyuma hazitambulikani.

Kundi la pili ni programu huria ambazo unazisakinisha mwenyewe kwenye seva uliyoikodi: WordPress (ile ya kusakinisha, si huduma ya WordPress.com), Joomla na Drupal ndizo zinazojulikana zaidi. Zote tatu zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, huweka maandishi ndani ya hifadhidata, yaani ghala la habari lililopangwa kwenye seva, na hakuna anayeweza kukunyang'anya kwa kuwa leseni yake inakuruhusu kuzitumia na kuzihamisha upendavyo. WordPress ilitolewa mwaka 2003 na leo inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani, na wingi huo una maana moja muhimu kwetu: ukikwama, utampata kijana wa hapa mjini anayeifahamu. Joomla ilizaliwa mwaka 2005, na Mswahili atafurahi kujua kwamba jina lake ni neno letu “jumla” lililoandikwa kwa namna ya Kiingereza. Nguvu yake kwa familia kama zetu ni kwamba uwezo wa kuandika ukurasa mmoja kwa lugha kadhaa umo ndani yake, bila kuongeza kitu. Drupal, iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert mwaka 2001, ni imara sana, lakini imetengenezwa kwa kazi kubwa za taasisi. Kwa tovuti ya ukoo nisingeishauri, isipokuwa kama mmoja wenu anaifanyia kazi kila siku.

Suala la lugha lisipuuzwe. Wazee wetu wanasoma Kiswahili na Mashi, watoto waliozaliwa Bruxelles wanasoma Kifaransa tu, na kila upande hujihisi mgeni ukikuta ukurasa usiousoma. Katika WordPress utahitaji programu-jalizi, yaani kipande cha kuongezea uwezo, kama Polylang kwa kazi hiyo. Inafanya kazi vizuri, ila ni kitu kimoja zaidi cha kutunza.

Kundi la tatu watu hawalijui sana, nami nalipenda. Ni programu zinazotengeneza kurasa tuli: unaandika kwenye kompyuta yako, programu inazalisha mafaili ya kawaida, na hayo ndiyo unayoyapandisha mtandaoni. Publii ina madirisha na vitufe ambavyo mtu asiye fundi anaweza kuvizoea, na Hugo huwafaa wanaozoea kuandika amri. Kwa kuwa hakuna hifadhidata wala ukurasa wa kuingilia kwenye seva, wavamizi hukosa mlango, kurasa hufunguka haraka hata kwenye mtandao dhaifu, na kwa maandalizi kidogo tovuti nzima inaweza kuwekwa kwenye flashi na kusomwa bila intaneti. GitHub Pages huzihifadhi kurasa za namna hii bure, mradi tovuti isizidi gigabaiti 1. Tatizo ni kwamba kazi yote inakaa kwenye kompyuta moja na mikononi mwa mtu mmoja. Shangazi hawezi kuongeza kitu akiwa Kadutu. Inabidi atume kwa WhatsApp na mtu mwingine aweke. Kama familia yenu tayari inafanya hivyo na mhariri ni mwaminifu, chagueni kundi hili bila hofu.

Ikiwa lengo lenu ni nasaba, yaani kuonyesha nani alimzaa nani, msijaribu kuichora kwa mkono ndani ya WordPress. Iko programu huria iitwayo webtrees iliyoundwa kwa kazi hiyo hasa. Inasoma na kuandika mafaili ya GEDCOM, ambayo karibu kila programu ya nasaba huyaelewa, kwa hiyo miaka ya kazi haifungwi ndani yake.

Walio hai walindwe kwanza

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka. Tovuti ya familia huwa na tarehe za kuzaliwa, majina ya akina mama, picha za watoto wakiwa na sare za shule, na pengine orodha ya waliochangia matanga na kiasi walichotoa. Mtu mwenye nia mbaya akizikusanya anaweza kumpigia bibi akijifanya mjukuu aliyekwama mpakani. Katika mkoa ambao watu wamelazimika kuhama makwao zaidi ya mara moja, kuandika hadharani kwamba fulani sasa anaishi mtaa fulani ni jambo zito.

Kwa hiyo ichunguzeni kila programu kwa macho haya. Webtrees, kwa mpangilio wake wa kawaida, huficha habari za walio hai kwa mgeni asiye na akaunti. WordPress inakuruhusu kufanya ukurasa uwe wa siri au wenye nenosiri, lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nenosiri hulinda maandishi ya ukurasa tu, na faili la picha lenyewe bado hufunguka kwa yeyote aliye na anwani yake kamili. Picha ambayo haipaswi kuonekana isipandishwe kabisa. Tena, picha nyingi zilizopigwa kwa simu hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigiwa ikiwa kamera imeruhusiwa kuirekodi. Zimeni ruhusa hiyo kwenye simu, na kwa picha za zamani iondoeni alama kabla ya kupakia.

Uzito wa picha na gharama

Picha ya simu za siku hizi huwa na megabaiti 3 hadi 5. Picha arobaini za sherehe moja zinaweza kufikia megabaiti 160, na hakuna jamaa atakayemaliza kifurushi chake chote kwa ajili ya kuzitazama. Ukizipunguza hadi upana wa pikseli 1600, nyingi zitabaki na kilobaiti 250 au zaidi kidogo, na albamu nzima itakaribia megabaiti 10. WordPress yenyewe hutengeneza saizi ndogo kila unapopakia, lakini faili kubwa linakuwa limekwisha kula data ya aliyelituma, kwa hiyo mfundisheni mwandishi kupunguza picha ndani ya simu kwanza. Ile kubwa ya asili itunzwe pembeni, isifutwe.

Kuhusu fedha, programu huria zenyewe ni za bure. Mnacholipia ni seva na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti. Someni bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ile ya kwanza mara nyingi imepunguzwa ili kuwavuta. Jina linaloishia na .cd linatambulisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na lilianza kutumika mwaka 1997 baada ya nchi kuacha kuitwa Zaïre na .zr kukosa mwenyewe. Malipo mengi ya seva za nje hudai kadi ya benki, na kwa kawaida kaka au dada aliye Ulaya ndiye anayelipa. Hilo halina ubaya, ila akaunti isiandikwe kwa barua pepe yake binafsi. Fungueni anwani ya familia, na nenosiri lijulikane na watu wawili wanaoishi nyumba tofauti.

Jaribio la mwisho kabla ya kuamua

Mkishabakiwa na programu mbili, zisakinisheni kwenye kompyuta ya nyumbani. XAMPP huigeuza kompyuta ya kawaida kuwa seva ndogo, na ukishaipakua huhitaji intaneti, jambo linalosaidia siku ambazo umeme unapatikana usiku peke yake. Andikeni kurasa tatu za kweli: hadithi moja ya mzee, albamu moja ndogo, na tangazo moja lenye lugha mbili. Mkae kando, mwandishi wenu aongeze ukurasa wa nne bila msaada. Mahali atakaposimama na kukuangalia usoni ndipo programu ilipo na kasoro kwenu, hata kama kila mtu mtandaoni anaisifu. Kisha mfungulieni nafasi ya majaribio mtandaoni, aijaribu kwa simu yake jioni, saa ambayo mtandao umelemewa.

Halafu jaribuni kutoka. Bonyezeni sehemu ya kusafirisha habari, mlifungue faili mnalopewa na mtazame kilichomo. Faili ambalo WordPress hutoa lina maandishi na viungo vya picha, lakini picha zenyewe hazimo, na watu wamewahi kufunga tovuti ya zamani wakidhani wamebeba kila kitu. Nakala kamili ya WordPress ina sehemu mbili, yaani hifadhidata na folda iitwayo wp-content, na ikikosekana moja haijakamilika. Kwa kurasa tuli, tunza folda la programu lenye rasimu zako pamoja na mafaili yaliyozalishwa.

Mkiamua, wekeni programu-jalizi chache sana, ruhusuni masasisho yajiendeshe yenyewe, na kila mwezi mtoe nakala kwenye flashi mbili. Moja ikae Bukavu, nyingine apewe jamaa anayeishi mji mwingine, ili moto mmoja usizichukue zote. Mara moja kwa mwaka chukueni flashi ya mbali, irudisheni nakala hiyo ndani ya XAMPP, na mwiteni shangazi afungue mwenyewe ukurasa wa harusi ya mwaka 1974, asome zile aya nne na ahesabu kama watu wa safu ya nyuma wametimia.